SOKO LA MIAKA 100 LILILOKATAA KUVUNJWA

Mpenzi msomaji, kama ulinitafuta kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita ukanikosa, usianze kusambaza habari kwamba nimeolewa. Sijaolewa. Nilikuwa Bangkok!

Najua umeshacheka. Unasema huyu naye, mshiko wa kwenda Thailand kautoa wapi, wakati juzi tu alikuwa anagombana na konda kwa chenji ya mia mbili? Tulia nikupe mkasa wote. Sikwenda kutanua. Nilikwenda kama mbeba mizigo wa Mama Mdogo.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi, anauza nguo za kike na mikoba Kariakoo. Kwa watu wa Kariakoo, Bangkok si Ulaya. Ni kama stoo tu, ila iko mbali kidogo. Wenzake siku hizi wengi wanakimbilia Guangzhou na Istanbul, lakini yeye kang'ang'ania Bangkok, anasema nguo za kule mshono wake mzuri na hukununua gunia zima ndipo wakuuzie.

Sasa safari hii haikuwa kama nyingine. Mwezi mmoja kabla hatujaondoka, mwenye nyumba yake alimletea barua. Fremu ya Mama Mdogo iko kwenye nyumba ya zamani, ile ya bati na kibaraza mbele, kakaa humo miaka 19. Barua ikasema nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa. Miezi mitatu, kila mpangaji awe kashatoa vitu vyake. Anayetaka fremu kwenye jengo jipya anakaribishwa, ila alipe kodi ya mwaka mzima mbele, na kilemba juu. Hicho kilemba chenyewe ukikisikia unatafuta kiti ukae kwanza.

Mama Mdogo hakulia. Aliikunja barua akaitia kwenye pochi, akaniambia, "Mwanangu, jiandae. Nakwenda kufunga mzigo wa mwisho, nataka mtu wa kunishikia begi." Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege.

MAPUMZIKO YA KULAZIMISHWA

Siku nne za mwanzo sikuona Bangkok yoyote zaidi ya Pratunam. Ukitaka kujua Pratunam ni nini, chukua Mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya Idi, uuweke ndani ya jua la saa saba, halafu wauzaji wote wawe hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Biashara inakwenda kwa kikokotoo. Muuzaji anaandika bei yake, Mama Mdogo anafuta anaandika yake, yule anacheka, anafuta tena. Hawajaongea neno hata moja na mzigo umeshanunuliwa!

Jumamosi tukamaliza. Ajenti wa mizigo akatuambia atapokea mabelo Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili tulikuwa hatuna kazi. Dereva aliyekuwa anatuzungusha, kijana mmoja mpole mwenye Kiingereza cha kuombea maji, akatuuliza kama tungependa kuona kwao. Kwao ni mkoa wa Suphan Buri, kaskazini magharibi ya Bangkok. Akasema huko kuna "talat roi pi". Talat ni soko, roi pi ni miaka 100. Soko la miaka 100, lipo kando ya mto, mji unaitwa Sam Chuk.

Mama Mdogo akamtazama kama kichaa. "Yaani tumetoka sokoni siku nne, leo mapumziko unatupeleka sokoni?"

Lakini kukaa hotelini kuhesabu dari nako kunachosha. Tukapanda gari.

BARABARA NZURI YENYE KISA

Njiani ni mashamba ya mpunga, kushoto mpunga, kulia mpunga, mpaka nikaanza kusikia harufu ya Kyela. Barabara yenyewe bomba, pana, imenyooka. Dereva akatuambia kwa majivuno kwamba mkoa wao unajulikana nchi nzima kwa barabara nzuri, na sababu yake ina jina. Anaitwa Banharn Silpa-archa, mwanasiasa wa huko huko, aliyekuwa waziri mkuu wa Thailand mwaka 1995 hadi 1996. Mzee huyo alifariki mwaka 2016, lakini hakuwasahau wa kwao alipokuwa nazo. Watu wakafikia hadi kuutania mkoa huo kwa kuuita Banharn-buri.

Mpenzi msomaji, ishike habari hiyo ya barabara. Tutairudia, maana hilo soko barabara ndizo zilizotaka kuliua.

Baada ya saa kama mbili na kitu tukafika. Nikatafuta mto, siuoni. Naona magari yameegeshwa, naona familia zimeshikana mikono, wazee wamevaa kofia, watoto wana barafu mkononi. Tukaingia kwenye kichochoro, na hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi.

MLANGO WA NYUMA

Vuta picha ya uchochoro uliopangwa nyumba za mbao kushoto na kulia, ghorofa moja moja, zimeungana ukuta kwa ukuta kama mabehewa ya treni. Mbao zenyewe zimepigwa na miaka mpaka zimekuwa na rangi ya kahawa. Chini ni duka, juu anaishi mwenye duka. Milango haifunguki kama yetu, ni mabao marefu yaliyosimamishwa, asubuhi unayachomoa moja moja na jioni unayarudisha. Juu ya milango na madirisha kuna nakshi zimekatwa kwenye mbao kama ushonaji wa mtoto wa kike kwenye foronya. Nikawakumbuka mafundi wetu wa milango ya Zanzibar. Wa kwetu wanachonga mbao nene ikatokeza maua, hawa wanaitoboa mbao nyembamba upepo na mwanga vipite.

Tukatembea, tukapita duka la dawa za Kichina lenye vidroo vingi vidogo, duka la saa, studio ya picha yenye kamera za zamani, duka la vyombo vya bati, mabibi wanauza samaki wakavu. Mwisho wa uchochoro, ghafla mwanga, na huo hapo mto!

Kumbe sisi ndio tuliokuwa tumeingilia mlango wa nyuma. Zamani mlango wa mbele wa soko ulikuwa majini.

Mto wenyewe unaitwa Tha Chin, lakini ukiwauliza wa hapo watakwambia mto Suphan Buri. Unachepuka kutoka mto mkubwa wa Chao Phraya, kule juu mkoa wa Chai Nat, unashuka mpaka baharini Samut Sakhon. Huko juu unaitwa Makham Thao, hapa Suphan Buri, mbele yake Nakhon Chai Si, na mwisho Tha Chin. Mto mmoja majina manne! Mama Mdogo akasema huo mto lazima unadaiwa.

Katika siku zake hapa palikuwa pamechangamka. Watu wa bara walishuka na mpunga, mkaa na mazao ya porini, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe. Maboti yakapanda kutoka Bangkok na vitu vya viwandani. Wafanyabiashara wenye asili ya Kichina wakajenga maduka, na hapa ndipo mali zilipobadilishana mikono. Hata jina la Sam Chuk, wenyewe wanasimulia, lilitokana na vikapu. Ati watu waliokuwa wakisubiri maboti walikata mianzi wakasuka vikapu vya kutilia mizigo yao. Siwezi kukuapia, ila ni hadithi inayonoga. Mji mzima jina lake ni kifungashio! Mama Mdogo, mtu wa mabelo, alifurahi kupita kiasi.

VITUMBUA VYA UGENINI

Sasa tuje kwenye chakula, maana najua wengine ndicho mnachosubiri.

Soko la Wathai wenye asili ya Kichina limejaa kitimoto, na sisi ni watu wa swala tano. Kwa hiyo kila tulipofika nilitoa simu, nikaandika "Je, kina nguruwe?", simu ikatafsiri kwa sauti. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo sijui simu yangu ilimwambia nini.

Kuna wali unaofungwa ndani ya jani la yungiyungi, lile ua la majini, unapikwa kwa mvuke mpaka harufu ya jani inaingia kwenye wali. Sam Chuk wanasifika kwa huo. Wa kwanza tuliouuliza ulikuwa na soseji ya mdudu, tukauacha kwa majonzi makubwa. Kuna keki laini za Suphan Buri zinaitwa sali, kila anayepita anabeba boksi.

Halafu Mama Mdogo akasimama ghafla, nikamgonga kwa nyuma.

"Wee! Si vitumbua hivi?"

Nikatazama. Bibi mmoja kakaa mbele ya jiko la mkaa, juu yake chuma chenye vishimo vya duara, anamimina uji wa mchele na tui la nazi. Haki ya Mungu, vitumbua! Wenyewe wanaviita khanom khrok. Tofauti ni kwamba vyao ni vidogo na vimelainika katikati, halafu wanaunganisha viwili vinakuwa kimoja. Na tofauti ya pili, shika moyo wako, ndani wanatia vitunguu majani! Wengine mahindi. Mama Mdogo akajaribu cha vitunguu, akatafuna, akanyamaza, akasema, "Kosa lipo, lakini linasameheka." Akanunua trei tatu.

Yule bibi nilimwamkia kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Ule ni kama shikamoo yao, mdogo ndiye anayeanza. Dereva akatufundisha kwamba huku mtu humwiti jina tu. Mkubwa kidogo kwako ni "phi", mdogo ni "nong", mama wa makamo ni "pa", yaani shangazi au mama mkubwa. Mama Mdogo akaitikia, "Basi hawa ni watu waliolelewa." Kuanzia hapo akawa anaamkiwa "pa" kila duka, na kila duka anapunguziwa bei. Huyo mama ni noma!

Mwisho tukaingia kwenye mkahawa wa zamani. Kahawa yao inachujwa kwa mfuko wa kitambaa kirefu kama soksi, mweusi tititi kwa miaka ya kazi, halafu inatiwa maziwa mazito ya kopo. Ukishaletewa kahawa, unaletewa na chai nyepesi ya Kichina ya kusuuzia mdomo, haina malipo. Watu wanakaa. Hakuna anayekufukuza.

NYUMBA YA MTOZA KODI

Katikati ya soko kuna nyumba moja ya mbao ya ghorofa, imepanda mara tatu, ina nakshi kuliko zote. Unavua viatu, unaingia. Mwenyewe alikuwa anaitwa Khun Chamnong Chinarak. Hilo Khun si "bwana", ni cheo alichopewa enzi za zamani. Mzee huyu alikuwa mwenye soko, na kazi yake nyingine ilikuwa kukusanya kodi za serikali za pombe na kasumba. Ndiyo, kasumba, enzi hizo ilikuwa inalipiwa kodi kama soda.

Kwenye maelezo nikaona nyumba ilijengwa mwaka 2459. Nikashtuka. Nikafikiri labda ni namba ya simu. Dereva akacheka, akanieleza kwamba wao wanahesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iko mbele ya yetu kwa miaka 543. Toa hiyo, unapata 1916. Kwa hiyo mpenzi msomaji, kama umri unakutisha, usihamie Thailand.

Leo nyumba ni makumbusho ya soko. Kuna mfano mdogo wa soko zima, kuna picha za zamani, maboti yamejaa mbele ya ngazi. Na hapo kwenye picha ndipo nilipomwona Mama Mdogo amebadilika. Alikuwa amesimama muda mrefu mbele ya maelezo ambayo hawezi kuyasoma. Akamwita dereva, "Njoo unieleze hapa. Hili soko kwa nini lilitaka kuvunjwa?"

WALIVYOPONA

Dereva akaeleza kwa Kiingereza chake, simu ikasaidia, na mama wa mkahawani tuliporudi kunywa kahawa ya pili akatumalizia. Kisa kiko hivi.

Barabara zilipojengwa, maboti yakaanza kupungua. Mpunga ukapanda malori. Mnunuzi akaacha kuja mtoni, akawa anaishia barabarani. Soko lililojengwa uso ukitazama maji likajikuta limeupa mgongo ulimwengu. Yakaja maduka makubwa ya kisasa yenye viyoyozi. Vijana wakaenda Bangkok kutafuta maisha. Wakabaki wazee wamekaa mlangoni wanapunga nzi.

Halafu likaja pigo lenyewe. Ardhi ya soko si ya wenye maduka. Ni ya serikali, inasimamiwa na idara ya hazina. Kwenye mwaka 2000 hivi ukatoka mpango wa kubomoa nyumba za mbao na kujenga maduka mapya ya kisasa ya zege.

Mama Mdogo akanitazama. Sikusema neno. Barua yake ilikuwa kwenye pochi ile ile iliyokuwa mezani.

Sasa sikiliza walichofanya. Walikaa kikao. Wakaunda kamati ya wenye maduka wenyewe. Wakajiuliza swali gumu: je, tukiachiwa hili soko, tutalifanyia nini? Maana kulia lisivunjwe huku hakuna anayenunua ni kumlilia marehemu.

Wakaanza na usafi. Wakatengeneza mbao zilizooza. Wakarudisha mapishi ya bibi zao. Warithi wa yule mzee mtoza kodi wakakubali nyumba iwe makumbusho. Wakaita walimu na wanafunzi wa mji wao wakusanye historia ya kila duka, nani alianzisha, aliuza nini. Wakatafuta wasanifu na asasi za kuwapa ujuzi. Na wakawaambia watu wa Bangkok: njooni mwisho wa wiki mle, mtembee, muone mlikotoka.

Watu wakaja. Na walikuja kwa ile ile barabara! Njia iliyowachukulia wateja ndiyo ikawarudishia. Mwenye ardhi naye alipoona soko linaingiza watu na fedha, ule mpango wa kubomoa ukawekwa kando. Mwaka 2009 UNESCO ikawapa tuzo ya kuhifadhi urithi ya Asia na Pasifiki. Siyo wafalme waliopewa, siyo mahekalu. Wauza tambi na wauza saa!

Mama wa mkahawani alipofika hapo alinyoosha kidole kwenye mabao ya mlango wake. Simu ikatafsiri: "Mbao hizi babu alizitoa asubuhi, baba alizitoa asubuhi, mimi nazitoa asubuhi." Safari hii simu haikukosea. Niliona kwa macho yake.

SIYO KILA KITU NI ASALI

Lakini mimi ni mwandishi, siwezi kukupamba tu. Nilipozunguka mara ya pili niliona na mengine. Kuna maduka yanauza midoli ya plastiki na fulana zile zile nilizoziona Pratunam, ambazo mahali popote zipo. Jumapili watu wamejaa, ila walituambia siku za katikati ya wiki panapoa. Na soko linaloishi kwa wageni lina hatari yake: siku mgeni akichoka, utamuuzia nani? Wenye busara pale nimeona ni wale ambao bado wanauza dawa, sindano na vyombo kwa majirani zao, mgeni akija ni nyongeza.

Nikamwambia hayo Mama Mdogo tukiwa kwenye ngazi za mtoni, tunatupia samaki makombo ya mkate. Nilidhani atanipinga. Akasema:

"Hilo nimeliona. Nimeona na lingine. Wao mwenye ardhi ni serikali, mimi mwenye nyumba ni mtu na watoto wake. Serikali unaweza kuionyesha aibu. Mtu mwenye njaa ya ghorofa humwonyeshi kitu."

"Kwa hiyo hatuna la kujifunza?"

Akanyamaza kidogo. Boti ikapita, yule mwendeshaji akatupungia mkono.

"Miaka 19 niko kwenye ile nyumba," akasema. "Tuko wapangaji 11. Ilipokuja barua, kila mtu aliificha ya kwake. Mimi nikamficha muuza viatu, muuza viatu akanificha mimi, kila mmoja anafikiri atawahi fremu mpya kabla ya mwenzake. Hata kikao hatujakaa. Hawa walianza kwa kufagia. Sisi hata ufagio hatujashika."

Mpenzi msomaji, nimesoma mpaka kidato cha nne, lakini somo hilo sikulipata darasani.

Nikakumbuka soko letu lenyewe la Kariakoo, lile lililojengwa miaka ya 70 na msanifu wetu Beda Amuli. Lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, watu walilia jengo. Lakini Mama Mdogo siku ile hakutaja jengo. Alikuwa anataja watu: nani alikuwa na mzigo ndani, nani kakopa, nani atarudi. Soko ni wale wanaofungua mlango asubuhi. Ukiwatawanya, hata ujenge ghorofa kumi za vioo, utakuwa na vyumba tu.

TUMERUDI

Tuliondoka Sam Chuk jua likielekea kuzama, wenye maduka wakiwa wanarudisha mabao yao moja moja, ko, ko, ko. Mama Mdogo alibeba chuma cha vishimo vya vitumbua, kizito kama jiwe, wakati nguo zenyewe tulikuwa tunabana kilo. Nikamuuliza wa nini, Kariakoo vipo. Akasema, "Cha kwetu hakijatoka huku."

Jumatatu ajenti akachukua mabelo, Jumanne tukapanda ndege.

Najua unataka mwisho mzuri, kama wa filamu. Sina. Nyumba haijavunjwa, na notisi haijafutwa. Ila Jumapili iliyopita, wapangaji 11 walikaa kikao cha kwanza katika miaka 19, kwenye kibaraza cha fremu ya Mama Mdogo. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyegawa vitumbua. Mwanzo kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la wizi. Halafu Mama Mdogo akatoa barua yake, akaiweka mezani. Muuza viatu akatoa yake. Fundi simu akatoa yake. Mpaka zikafika 11, na zote ziko sawa, isipokuwa kwenye kilemba. Kila mtu katajiwa kiasi tofauti! Hapo ndipo watu walipoamka.

Wamekubaliana kwenda kwa mwenye nyumba pamoja, siyo mmoja mmoja. Hawaendi kugombana. Wanataka kumwomba mambo matatu: kilemba kiwe sawa kwa wote, walipe kwa awamu, na wao wa zamani wawe wa kwanza kupata fremu za chini. Kama atataka kuibakiza nyumba na kuitengeneza, wako tayari kuchangia bati. Akikataa yote, angalau watahama pamoja, watafute mahali pa karibu, wateja wajue wapi pa kuwakuta.

Mama Mdogo hana uhakika. Mimi pia sina. Lakini asubuhi ya jana nilipita pale mapema kabla sijaenda kupeleka makala hii, nikamkuta yeye na muuza viatu nje, kila mmoja na ufagio wake, wanafagia kibaraza kizima, mpaka mbele ya fremu zisizo zao.

Nitakujulisha kinachoendelea. Na kama na wewe una barua umeificha kwenye pochi, hebu muulize jirani yako kwanza, huenda naye anayo.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Alamsiki!